Kutembea kwa miguu kando ya Ziwa Tanganyika: Katonga, Ujiji na mwambao wa kwenda Gombe

Wageni wengi wanaoshuka stesheni ya Kigoma, mwisho wa reli, huliona ziwa wakiwa bado wameshika mizigo. Wanapanda bodaboda, wanafikia walikopanga kufikia, na siku ya tatu wanaondoka wakiwa wamelitazama kwa mbali tu. Inaniuma. Mwambao huu unapitika kwa miguu, na kuna mambo yake ambayo aliye kwenye gari au kwenye boti hayaoni kabisa.

Kabla ya yote, shika hili. Ukanda huu una njia mbili zinazokwenda sambamba. Iko njia ya chini, inayopita kwenye mchanga na changarawe, na iko njia ya juu, inayokata mgongo wa vilima kupitia mashamba ya mihogo na michikichi. Njia ya chini ni nzuri zaidi lakini ziwa ndilo linaloamua kama utapita au hutapita. Kwa hiyo kila unaposhuka ufukweni, jua kwanza utapandia wapi. Ukilizingatia hilo, mengine utajifunza ukiwa njiani.

Chagua mwezi, kisha chagua mwandamo

Kama umekulia Tanga, Bagamoyo au Dar es Salaam, umezoea kuuliza maji yanakupwa saa ngapi. Hapa swali hilo halina kazi. Ziwa Tanganyika halipwi wala halijai kila siku kama bahari. Linapanda na kushuka kwa msimu: maji huwa juu zaidi mwisho wa masika, Aprili na Mei, na huwa chini zaidi Oktoba na Novemba kabla mvua hazijakolea. Tofauti hiyo, hata isipofika mita moja, inatosha kabisa kumeza kipande cha ufukwe ulichopita mwaka jana bila kulowa.

Halafu upo mwendo wa miaka. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga upande wa Congo, na mlango huo ni mwembamba mno kwa ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 670. Mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, maji hayana pa kukimbilia. Tangu mwaka 2020 hivi tumeliona likipanda mpaka likaingia kwenye nyumba na mabanda ya mialoni, yaani pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, na miti iliyokuwa ya kivuli ufukweni ikabaki imesimama majini. Ndiyo maana nakuomba usitegemee maelezo ya mtu aliyepita mwaka 2015, wala picha zake. Uliza watu wanaopita sasa.

Upepo nao una ratiba yake. Kuanzia Mei mpaka Agosti upepo wa kusi huvuma kwa nguvu na mawimbi yanakuwa makubwa. Asubuhi ziwa linaweza kuwa limetulia kama maji ya beseni, mchana likawa linapiga miamba. Mimi napenda Septemba na mwanzo wa Oktoba: ufukwe ni mpana na upepo umepungua. Kasoro yake ni joto, pamoja na moshi wa nyasi zinazochomwa, ambao huficha milima ya Congo ng'ambo. Anayetaka kuiona milima hiyo vizuri asubiri siku ambayo mvua imenyesha usiku na asubuhi imekucha kweupe. Mvua kubwa ni Novemba mpaka Aprili, na radi za huku si za kuchezea. Ukisikia ngurumo, toka ufukweni, na usijikinge chini ya mwembe uliosimama peke yake.

Mwezi wa angani nao unahusika. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haivuti dagaa kukiwa na mbalamwezi. Kwa hiyo siku za giza mialo inachangamka: mitumbwi inaingia asubuhi, dagaa wanaanikwa kila mahali, wanunuzi wanapiga kelele. Mbalamwezi ikikolea, wavuvi wanapumzika, nyavu zinashonwa na ufukwe unakuwa wazi. Mtu anayetaka kuona kazi aje siku za giza. Anayetaka utulivu aje mwezi ukiwa mpevu. Kumbuka pia kwamba serikali imeanza kulipumzisha ziwa: mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na miezi hiyo mialo ilikuwa kimya. Uliza kabla hujapanga safari.

Ondoka jua halijafika ufukweni

Kigoma iko magharibi kabisa ya nchi lakini saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam. Matokeo yake jua linachelewa: linachomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni. Mgeni anayeamka saa kumi na mbili akitegemea mwanga anakuta bado giza.

Faida yake ni hii. Vilima viko mashariki, ziwa liko magharibi. Jua likishachomoza linabaki nyuma ya mlima kwa muda, na ufukwe ulio chini ya mteremko mkali unabaki kivulini hata mji umeshaanza kupata joto. Ukianza kutembea mwanga unapotosha kuona unapokanyaga, unapata saa moja na nusu hivi, wakati mwingine mbili, za ubaridi mtamu, na upepo bado umelala. Mchana hesabu inageuka: jua linakuja kutoka upande wa ziwa, linakupiga usoni na mng'ao wa maji unakupiga mara ya pili kutoka chini. Nimeona vijana wenye nguvu wakirudi saa tisa alasiri wameumwa kichwa mpaka jioni kwa sababu hiyo tu. Panga saa tano uwe umeshafika kwenye kivuli cha kukaa.

Cha kubeba

Maji lita tatu kwa mtu mmoja kama unatembea nusu siku. Usijidanganye kwamba ziwa liko pembeni. Maji yake ni maangavu, unaona samaki kwenye mawe, lakini hayo hayo ndiyo wanayooga na kufulia watu wa kila kijiji. Kama ni lazima uyanywe, yachemshe au yatie dawa ya kutibu maji.

Viatu ni raba zenye soli iliyoshika. Kandambili zinateleza kwenye mawe yaliyolowa na zinakatika kwenye changarawe. Wenyeji wengi hutembea na katambuga za tairi na hawaanguki, lakini miguu yao imezoea mawe hayo tangu utotoni. Weka pia kofia, tochi iliyochajiwa, chumvi na karanga au mihogo ya kuchemsha, kitambaa cha kujifunga jeraha, filimbi, na mfuko wa nailoni wa kufungia simu na kitambulisho. Kitambulisho usikiache hata kama unakwenda karibu. Tuko mpakani, Burundi iko juu yetu na Congo iko mbele yetu, na kuulizwa wewe ni nani ni jambo la kawaida. Kina mama, kitenge kimoja cha ziada kinafanya kazi tano: kujifunga, kujifunika jua, kukalia, kujifutia na kubebea kuni ukilala njiani.

Mtandao unakata ukiingia nyuma ya rasi. Kabla ya kuondoka mwambie mtu mmoja unakwenda wapi na utarudi saa ngapi.

Jizoeze kwa njia ya Bangwe na Katonga

Usianze na mwambao wa kaskazini. Anza na huu, ambao hauzidi kilomita sita kwenda, na ukichoka kuna daladala na bodaboda za kukurudisha.

Toka mjini upande wa stesheni, ipe mgongo bandari na ufuate barabara ya Bangwe. Picha za bandari na za kambi yoyote usipige. Ghuba utaitazama ukiwa umepanda juu kidogo. Hapa ndipo Wajerumani walipoiunganisha meli iliyozinduliwa mwaka 1915, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, na Waingereza wakaiinua mwaka 1924. Meli hiyo ndiyo Liemba, meli kongwe ya abiria ya ziwa hili. Ukitazama ghuba kutoka juu unaelewa mara moja kwa nini bandari iliwekwa hapa: vilima vinaikumbatia pande tatu na mawimbi ya kusi hayaifikii.

Ukifika Katonga umeingia kwenye mwalo mkubwa. Siku za giza fika mapema, mitumbwi ikiwa inarudi. Mtazame mtu anayeanua dagaa. Mkono mmoja umeshika fagio la mwale wa mchikichi, mwingine umeshika sinia. Anafagia kwa mapigo mafupi, anapepeta mara mbili, mchanga unaanguka, dagaa waliokauka wanalia kama majani makavu. Yule aliyeanika kwenye chanja hana kazi hiyo na bei yake ni nzuri zaidi, kwa sababu mlaji hatafuni mchanga. Mambo hayo utaambiwa bila hata kuuliza, mradi umesalimia.

Kutoka barabara ya Katonga kuna njia ya kwenda ufukwe wa Jakobsen, ambao wengine huuita Mwamahunga. Mwendo wa dakika ishirini hivi kutoka barabarani, wa kushuka. Kuna kiingilio, mchanga ni safi, na hapo ndipo pa kupumzikia. Kumbuka tu kwamba kila hatua ya kushuka utaipanda wakati wa kurudi.

Jua utapandia wapi

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo nilipopata somo langu.

Mwaka mmoja, mwezi wa sita, nilitoka na mpwa wangu kwenda kaskazini ya Kalalangabo, kijiji kilicho kaskazini ya mji. Asubuhi tulipita rasi moja ya mawe tukiwa tumekunja suruali, maji yakitufika magotini. Mbele kukawa kuzuri, tukakaa, tukachoma migebuka miwili tuliyonunua kwa wavuvi, tukasahau saa. Tuliporudi saa kumi na moja jioni upepo ulikuwa umeamka. Pale pale tulipopita kwa magoti, wimbi lilikuwa linapiga jabali na kurudi na povu, na kati ya wimbi na wimbi hapakuwa na nafasi hata ya kuhesabu tano. Mpwa wangu alitaka kujaribu. Nilimshika mkono.

Tukaanza kupanda mteremko moja kwa moja kutoka tulipokuwa. Hilo lilikuwa kosa la pili. Nyasi za kiangazi zimekauka na kulala, ukizikanyaga zinateleza kuliko matope, na chini yake kuna kokoto zinazobiringika. Tulipanda hatua mbili na kushuka moja. Giza likatukuta katikati ya mlima, tochi ilikuwa na chaji ya dakika chache. Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyekuwa anarudi na mzigo wa nyasi za kuezekea. Alituita kutoka upande wa pili wa korongo na kutuambia maneno ambayo sijayasahau: "Wanangu, njia iko kwenye michikichi."

Alikuwa sahihi, na tangu siku hiyo ndiyo kanuni yangu. Mwambao wa kaskazini umekatwa na mabonde, na kila bonde lina kijito kinachoshuka ziwani. Watu hujenga kwenye midomo ya mabonde hayo kwa sababu ndipo penye maji na udongo, na kando ya vijito hupandwa michikichi. Palipo na michikichi pana mtu anayeitunza, na palipo na mtu pana njia ya kupanda mpaka mgongoni mwa kilima. Katikati ya bonde na bonde, kwenye rasi za mawe, njia ya kupanda mara nyingi haipo.

Kwa hiyo fanya hivi unapotembea njia ya chini. Kila unapopita bonde lenye michikichi, simama, tazama nyuma na juu, uione njia inavyopanda, na utazame saa. Ukifika kwenye rasi, usiipite kabla hujajiuliza kama unaweza kurudi hapo mawimbi yakiwa makubwa mara tatu. Kama jibu linakupa shaka, rudi kwenye bonde la mwisho na uzunguke kwa juu. Kuzunguka kunaweza kukugharimu saa nzima. Saa hiyo ilipe. Tazama pia alama ya maji kwenye jabali: mstari mweusi uliolowa unaonyesha mawimbi ya jana yalifika wapi, na ukiwa juu ya kiuno chako usipite hapo baada ya saa sita mchana.

Na kama umekwama kweli, giza limeingia na njia huioni, kaa. Panda mpaka mahali ambapo wimbi halifiki, jifunike kitenge, piga filimbi kila baada ya muda. Mitumbwi ya dagaa inatoka jioni na itakusikia.

Ufukwe ni mahali pa kazi na pa kuoga

Njia unayopita haikuchongwa kwa ajili ya matembezi. Imekanyagwa na mama aliyebeba beseni la dagaa kichwani, mtoto aliyetumwa maji, fundi wa mitumbwi aliyebeba mbao. Mwenye mzigo ana haki ya kwanza. Simama upande wa mlima, umwache apite upande wa ziwa au upande anaotaka yeye, umsalimie.

Salamu si mapambo. Mkubwa mpe shikamoo. Asubuhi ukisema "Mwakeye" kwa Kiha utaona uso unavyobadilika, na baada ya hapo utaambiwa habari za njia bila kuombwa: wapi pamebomoka, wapi mamba ameonekana, nani ana mtumbwi wa kuvusha. Kuuliza njia bila kusalimia, kwa watu wa huku, ni kama kuingia nyumbani kwa mtu na kufunua chungu.

Dagaa walioanikwa usiwaruke. Zunguka kwa nyuma, hata kama wamejaza ufukwe mzima, na upite upande ambao upepo hautawapeperushia vumbi la miguu yako. Ukikuta wingu limekuja ghafla na watu wanakimbilia kuanua, weka begi chini usaidie. Mvua ya dakika kumi inaweza kuharibu kazi ya usiku kucha ya watu kadhaa.

Jambo jingine ambalo wageni hulikosea bila kujua: watu wanaoga ziwani, hasa jioni, na kina mama wana sehemu zao na kina baba zao. Sehemu hizo mara nyingi ziko nyuma ya mawe, mahali ambapo macho hayafiki. Unapokaribia jabali usilozoea, piga hodi kwa sauti, usubiri. Ukijibiwa usipite, panda juu uzunguke au keti mpaka wakuambie "karibu". Simu yenye kamera iwe mfukoni muda huo wote. Ujiji na mialo mingi ni ya Waislamu pia, hivyo kaptura fupi na kifua wazi viache ufukwe wa Jakobsen.

Kisheria, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za ziwa. Hata hivyo usiitumie sheria hiyo kumbishia mwenye shamba la mihogo lililofika karibu na maji. Omba kupita, utapita.

Maji na viumbe vyake

Mamba wapo. Hawako kila mahali, ila midomo ya mito na penye matete ni kwao. Kuna mto mmoja usioujaribu kwa miguu hata siku moja, nao ni Luiche, kusini ya Ujiji. Unamwaga maji yake kwenye tope na matete, hauonyeshi chini, na kiboko naye anaweza kuwepo. Tafuta mtumbwi, kubaliana nauli, vuka. Kama mtumbwi haupo, safari imeishia hapo.

Kwenye mawe kuna swila wa majini, nyoka mrefu anayekula samaki na mwenye pete nyeusi shingoni. Ana sumu, lakini hana haja na wewe na akikuona hukimbilia majini. Ajali hutokea mtu anapotia mkono kwenye ufa wa mawe asipopaona. Basi usitie mkono usipopaona, iwe unatafuta pa kushika au unaokota kandambili iliyodondoka.

Kichocho kipo pia, na hiki ndicho kinachowapata watu wengi zaidi kuliko mamba na nyoka kwa pamoja. Vimelea vyake huishi kwenye konokono, hutoka majini na kuingia kwenye ngozi. Hatari ni kubwa karibu na vijiji, penye maji yaliyotulia na majani. Ukilazimika kuingia majini, ingia kwa muda mfupi, toka, jifute papo hapo kwa nguvu bila kusubiri jua likukaushe.

Njia ya bara: Mwanga hadi Ujiji

Siku ambayo ziwa limechafuka, nenda Ujiji. Ni kilomita nane hivi kutoka Kigoma mjini, barabara ni ya lami, lakini mtembeaji anaweza kukata kupitia mitaa baada ya eneo la Mwanga na kuiacha barabara kuu kwa muda mrefu. Miembe ya njiani ni mikubwa, na kivuli chake kinafika mpaka saa nne.

Hapa Ujiji ndipo ilipoishia njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora. Wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walifika mwaka 1858, na mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapa. Wengi huenda kwenye kumbukumbu ya kukutana kwao, hupiga picha, huondoka. Mimi nakushauri ufanye jambo moja zaidi: kutoka kwenye kumbukumbu tembea mpaka majini, uhesabu hatua. Utashangaa umbali. Enzi za Livingstone maji yalikuwa karibu zaidi, kwa sababu mlango wa Lukuga ulikuwa umeziba na ziwa lilikuwa limejaa. Mwaka 1878 kizuizi kikaachia, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Ardhi unayotembea hapo, yenye nyumba na bustani za mchicha, ilikuwa chini ya maji. Ukishazihesabu hatua hizo kwa miguu yako, hutashangaa tena kuambiwa kwamba njia ya ufukweni imepotea.

Ukifika mwaloni utakuta mafundi wa mitumbwi wakichonga na kuziba nyufa. Kula hapo. Mgebuka wa kukaanga kwa mawese na ugali wa muhogo ni chakula cha kumrudisha mtu Kigoma bila kugusa daladala.

Kaskazini: Kibirizi, Kalalangabo, Gombe

Kibirizi iko kilomita mbili hivi kaskazini ya mji, unafuata barabara inayozunguka ghuba. Hapo ndipo boti za abiria za vijiji vya kaskazini zinapopakia, kwa kawaida mchana, na Jumapili usizitegemee. Kutoka hapo mpaka Kalalangabo na kurudi ni matembezi ya asubuhi moja, na kwa mtu aliyekwishajizoeza Katonga yanatosha.

Gombe, hifadhi ya taifa ya sokwe, iko takriban kilomita 16 kaskazini ya mji kwa mstari wa ziwa, ila mguu unakwenda mbali zaidi kwa sababu ya kupanda na kuzunguka rasi. Sikushauri kwenda mpaka huko kwa siku moja bila mwenyeji wa vijiji hivyo. Kuna njia bora: panda boti ya mchana kutoka Kibirizi, dai jaketi okozi kabla hujakaa, shukia Kasekela, kwenye makao ya hifadhi, lala, na utembee ukiwa ndani ya hifadhi. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, hivyo maliza suala hilo mjini ambako mtandao upo, na uwe na kitambulisho ili upate kiwango cha Mtanzania.

Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1968, miaka minane baada ya Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, kushuka ufukweni hapo, Julai 14, 1960. Ufukweni unaruhusiwa kutembea bila kiongozi, lakini ukiacha ufukwe na kuingia msituni ni lazima uwe na kiongozi wa hifadhi. Njia ya bonde la Kakombe hadi kwenye maporomoko si ndefu na ina kivuli mwanzo mpaka mwisho. Njia ya kupanda kilele ambacho Goodall alikuwa akikaa na darubini yake ni ya kuvuja jasho, na juu yake unaliona ziwa lote.

Ukiwa na mafua, baki chini. Sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu na wamekufa kwayo, na hakuna picha inayostahili gharama hiyo. Mita kumi za kukaa mbali na sokwe ni mita kumi hata kama sokwe mwenyewe anakujia: rudi nyuma wewe. Watoto chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kuwafuata sokwe, kwa hiyo kama mna watoto, mmoja wenu apangiwe kubaki nao ufukweni. Chakula kifungie ndani. Nyani wa Gombe wanajua zipu ya begi inavyofunguka.

Boti za kurudi hupita asubuhi na mapema. Waombe watu wa hifadhi wakuambie saa, kisha uwe ufukweni nusu saa kabla, na kitambaa cha rangi kali mkononi cha kupungia, kwa maana nahodha hasimami mahali asipoona mtu.

Ukisharudi

Kagua miguu, toa miiba, osha mikwaruzo kwa maji safi na sabuni. Ukipata homa ndani ya wiki chache zinazofuata, kapime malaria siku hiyo hiyo na umwambie daktari ulikuwa Kigoma. Na kama uliingia ziwani, hata kwa kukunja suruali tu, weka alama kwenye kalenda: baada ya wiki sita hadi nane nenda kituo cha afya ukapime kichocho. Ukipima mapema zaidi ya hapo mayai huenda yasionekane kwenye choo, ukaambiwa mzima kumbe bado. Dawa yake ipo, na hutolewa kwa kipimo cha uzito wako, kwa hiyo usinunue vidonge dukani kwa kukisia.